Mbao za Grandimasta

Mzazi akiingia ukumbini kwangu mara ya kwanza na kuniuliza, "Madam, mkanda mweusi unachukua muda gani?" mimi huwa nishamalizana naye moyoni. Hajauliza mtoto atafundishwa nini. Hajauliza kama ataumia. Anauliza kama mtu aliyeagiza kochi kwa fundi na anataka kujua litaletwa lini. Humjibu, "Inategemea mtoto," naye hunitabasamia kwa huruma, kwa sababu anajua mtoto wake ni wa pekee, na mimi, mwanamke wa hamsini na ushei mwenye magoti yanayolia, bado sijaambiwa.

Nafundisha watoto karate kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kanisa hapa Ngoingwa, mjini Thika. Nilijifunza nikiwa msichana wa kiwandani, huko Eneo la Viwanda, tulipokuwa tukifuma mablanketi. Mzee mmoja wa zamu yetu alikuwa akitufundisha kwenye uwanja wa nyuma baada ya kazi, mimi na wanaume wenye mikono kama makoleo. Walinicheka siku ya kwanza, wakaacha wenyewe. Mkanda wangu wa kwanza wa rangi niliuchovya kwa rangi ya nguo ndani ya beseni, na jasho lilipoanza kutoka ukanipaka tumbo lote kijani. Hakuna aliyekata keki.

Wazee wa kanisa walinipa ukumbi kwa sharti moja: watoto wasiiname. Karate huanza kwa kuinamiana, mwalimu na mwanafunzi, na maana yake ni heshima tu. Wao wakasema ni kuabudu sanamu. Nikawauliza, sanamu gani, wazee wangu? Ukutani pale kuna kalenda ya duka la chakula cha kuku, basi. Mmoja akanijibu kwa uso mzito kwamba shetani ana njia nyingi. Haiya! Tukakubaliana watoto wasalimiane kwa mkono, na mpaka leo nina wapiganaji wadogo wanaopeana mikono kama kamati ya mazishi kabla hawajarushiana mateke. Sikubishana nao zaidi, ukumbi ni wao.

Lakini hao wazee ni watu wa maana sana ukiwalinganisha na wazazi. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa graduesheni. Mtoto akitoka chekechea anavishwa joho na kofia ya pembe nne, hema linakodishwa, emsii anapiga kelele, mgeni rasmi anachelewa, na kila mtu anapewa cheti, hata yule aliyeshinda mwaka mzima akilia chini ya meza. Ukimaliza kozi ya kusuka nywele, joho. Ukimaliza mafunzo ya ndoa, joho. Nimeona kwa macho yangu watu wazima wenye wajukuu wakivaa joho kwa kujifunza kufuga sungura. Na kwa kuwa siku hizi mtoto harudii darasa hata akiwa hajui kitu, wazazi wanadhani mkanda nao ni hivyo hivyo: muhula ukiisha, rangi inabadilika. Kwangu mtoto hukaa na mkanda mweupe mpaka uwe wa kijivu. Wengi wanawatoa watoto wao kwa hasira, na mimi huwafungulia mlango.

Basi akaja mama mmoja na binti yake wa miaka tisa. Mama ni wa zile fleti mpya karibu na lami, mwanamke nadhifu wa ofisi, simu mbili, manukato yanayotangulia kuingia. Mtoto nilimpenda pale pale na mama sikumpenda, na sioni haja ya kuficha. Mtoto alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuangalia kila kitu mara mbili, na alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya mfuko wa sweta.

"Nataka ajue kujitetea," mama akasema. "Kuna kijana kwa ploti yetu anamsumbua kidogo."

Kidogo! Nilipomtoa mtoto kando nikamuuliza, alinieleza polepole, akiangalia viatu vyake. Kijana huyo anaishi ghorofa ya juu yao, amemzidi kichwa kizima. Kila jioni, kabla kina mama hawajarudi kutoka kazini, anamngoja kwenye ngazi. Anamshika vidole na kuvikunja kwa nyuma mpaka mtoto apige magoti na kusema, "Baba, nihurumie." Akikosa kusema kwa sauti ya kusikika, anarudia. Mtoto alikuwa akipanda ngazi hizo kila siku ya shule, akijua nani yuko juu.

Nikamrudia mama. "Umeongea na mama ya huyo kijana?"

"Ai, Madam. Yule ni rafiki yangu. Tuko chama kimoja. Sitaki kuleta mambo."

Ngai wangu! Nilimwangalia yule mwanamke na kucha zake zilizopakwa vizuri. Yaani binti yake apige magoti kwenye ngazi kila jioni amwite mtoto wa watu baba, ili kina mama waendelee kukaa pamoja wakinywa chai na kuchangiana vyombo. Nilimpokea mtoto. Kama ningemfukuza mama, mtoto angeenda naye.

Nilimfundisha yale ninayowafundisha wote kwanza, ambayo wazazi huyachukia. Mtoto wa kimo chake hawezi kumpiga kijana wa kimo kile, na yeyote anayemwambia anaweza ana kitu anataka kumuuzia. Lakini anaweza kuchomoa mkono akijua upande wa kuuvutia, yaani upande wa kidole gumba cha yule aliyeshika, maana hapo ndipo mshiko ni hafifu. Anaweza kukimbia. Na anaweza kupiga nduru, si kilio cha puani, nduru kamili inayotoka tumboni. Jumamosi baada ya Jumamosi tulipiga nduru ukumbini mle mpaka mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia kama kuna moto. Mwanzoni sauti ya yule mtoto ilikuwa haifiki mlangoni. Kisha siku moja ikatoka, wee! Wenzake wakanyamaza wote wakamgeukia, naye akacheka akajifunika mdomo.

Na ilifanya kazi. Siku aliyoitoa kwenye ngazi, mama mboga anayeuza pale getini alipanda mbio na kisu chake cha kukatia sukuma mkononi, akiuliza ni nani anaua mtoto wa watu. Kijana alipotea kama moshi. Jioni nyingine alimngoja tena, mtoto akavuta pumzi tu, bado hajafungua mdomo, jamaa akarudi juu kwao akijifanya amesahau kitu. Mtoto alinisimulia mambo haya akiruka-ruka, mikono yote miwili ikiwa nje ya sweta. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikajinunulia soda.

Jumamosi iliyofuata mama alikuja peke yake, amenuna.

"Mwalimu, unanifundishia mtoto gani huyu? Kwa grupu ya ploti wanauliza ni mtoto wa nani anapiga nduru kama anachinjwa. Mama ya yule kijana ameniuliza mbele ya chama chote. Nimeona aibu!"

"Bado anamkunja vidole?"

"Si hiyo. Nilimleta ajitetee, si apige nduru kama watu wa mashambani. Na watu wakiniuliza ako mkanda gani nasema nini? Mweupe? Bado mweupe?"

Nikamwambia mkanda mweupe unamfunga mtoto suruali vizuri kabisa. Hakucheka. Alinijulisha kwamba amepata mahali pazuri zaidi, Ruiru, kwa mtu anayejua kazi yake.

Huyo mtu nilikuwa namjua kwa mabango. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa ametembea kwelikweli: kuanzia Ruiru mpaka Theta mpaka kwetu Thika, kila mlingoti wa stima ulikuwa na sura yake, mikono imekunjwa kifuani, suti nyeusi ya kung'aa yenye majoka ya dhahabu. Alijiita Grandimasta. Alikuwa kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinajadiliana kama zitoke. Chini ya picha iliandikwa kwamba kila mtoto hupata mkanda mpya kila muhula, na kwamba mtoto atavunja mbao na kujenga konfidensi. Bango moja alilibandika kwenye geti la kanisa letu, na wazee wangu, waliokataza watoto kuinama, hawakuona shetani yeyote kwenye yale majoka.

Muhula ulipokwisha alinipigia simu. Alitaka walimu wakongwe waketi kwenye meza ya mbele siku ya graduesheni yake, tuonekane. Nilikubali. Nilitaka kumwona mtoto, na pia, nitasema ukweli, nilitaka kuona upuuzi wenyewe kwa karibu.

Nao ulikuwepo, tele. Uwanja wa shule, mahema, viti vilivyovishwa vitambaa kama maharusi, spika kubwa kuliko mlango wa kwangu. Watoto walikuwa wamevaa majoho juu ya nguo za karate, na kofia za pembe nne zikiwaanguka kila walipogeuza kichwa. Mgeni rasmi alikuwa mtu anayetafuta kiti cha udiwani. Alifika wakati wa chakula, akaongea kuhusu barabara na maji na hakutaja watoto hata mara moja, nao wakisimama juani mpaka mmoja wao akazirai kidogo, akapewa maji, akarudishwa kwenye mstari. Makofi yalipigwa kwa kila kitu. Nadhani hata aliyezirai alipigiwa.

Nikaondoka kutafuta choo, na njia ya chooni ilipita nyuma ya hema kubwa. Huko nilimkuta fundi amepiga magoti na msumeno. Alikuwa na rundo la mbao, na kila mbao aliikata katikati mpaka ikabaki nyuzi tu zinazoshikilia. Mwenzake alipokea, akaziba mkato kwa gundi na vumbi la mbao, kisha akapaka kiwi ya viatu juu yake. Na Grandimasta mwenyewe alikuwa amesimama pale akiwahimiza waharakishe. Aliponiona hata hakushtuka.

"Karibu, Madam. Ni maandalizi tu."

"Unawadanganya watoto?"

"Ai, hapana. Hiyo ni motisha. Mtoto akiona mbao imevunjika, anajiamini. Tunajenga konfidensi."

"Na siku atakapopiga kitu ambacho hujakikata?"

Alinicheka kwa upole kama mtu anayemcheka cucu yake, bibi kizee aliyeshindwa na simu. "Madam, nyinyi wa zamani mlikuwa mnaumia bure."

Kuna watu ukiwajibu unajichafua mwenyewe. Nilirudi mbiombio nikamtafuta mama ya mtoto, nikampata mstari wa mbele, simu zote mbili tayari za kupiga picha. Nilimwinamia sikioni nikamwambia wazi kabisa: mbao zimekatwa kwa msumeno, nimeona kwa macho yangu, twende nyuma ya hema ukaone na wewe. Mwondoe mtoto kwenye hilo zoezi, ama umwambie kwamba ni mchezo, asije akaamini mkono wake unaweza kuvunja mtu.

Aliniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwani.

"Wivu hauna dawa," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Hata kama. Usimharibie siku yake."

Hilo "hata kama" lilinikaa. Alikuwa ameniamini, unaona. Alijua nasema kweli, na bado akatengeneza skafu yake na kuinua simu.

Mtoto alipoitwa alitoka mbele kwa hatua fupi, joho likiburutika chini. Wanafunzi wawili wakubwa walishika mbao. Akainua mkono, akapiga, na mbao ikapasuka kwa sauti kubwa, kwa sababu emsii alikuwa ameweka kipaza sauti karibu. Hema lote lilisimama. Mama alipiga makofi, akapiga vigelegele, akacheza mbele ya watu. Na mtoto? Mtoto aliutazama mkono wake, mbele na nyuma, kwa mshangao mkubwa, kisha akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitabasamu kwangu. Akafungwa mkanda wa kijani. Niliondoka kabla ya keki, na nilimdharau kila mtu aliyekuwa chini ya hema hilo, mwenye joho na asiye na joho.

Haikupita wiki mbili, mama akaja ukumbini kwangu na mtoto. Darasa lilikuwa limekwisha, nilikuwa nakunja mikeka. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Hakunisalimia. Alisimama akiangalia sakafu, amekonda usoni, yale macho ya kuangalia kila kitu mara mbili hayakuangalia chochote.

Habari nilipewa na mama, kwa haraka, kama mtu anayeripoti bomba limepasuka. Kijana alikuwa amemngoja tena kwenye ngazi. Mtoto hakupiga nduru, kwa sababu Ruiru walimfundisha kwamba shujaa haiti msaada. Alimwambia kijana yeye ni mkanda wa kijani na amevunja mbao. Kijana akacheka. Mtoto akakaza mkono na kumpiga kifuani kwa nguvu zake zote, na kijana hata hakurudi nyuma. Alimsukuma mara moja tu. Mtoto akabingirika ngazi mpaka chini na kifundo cha mkono kikavunjika.

"Nilimrudisha kwa Grandimasta," mama akaendelea, "akasema shida si mafunzo. Shida ni mtoto hakuwa na imani. Na mimi nimemuuliza huyu kila siku: ulivunja mbao mbele ya watu wote, unashindwaje na kijana? Sasa hataki kula, hataki kwenda shule, hataki kutoka nje. Mwalimu, tafadhali, mrudishie konfidensi."

Kana kwamba naiweka kwenye rafu, nimpimie kilo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mwanamke, maneno ya kiwandani, yaliyojaa mdomo. Lakini mtoto aliinua kichwa, na ndiye aliyeongea kwanza.

"Mwalimu, mkono wangu uliharibika? Mbona uliweza mbao?"

Nyuma yake mama alinikodolea macho akitikisa kichwa. Usiseme. Midomo yake ilisema hivyo bila sauti, usiseme, tafadhali. Niliona kwamba aliogopa kweli, na sikumhurumia hata chembe.

Nilichuchumaa mbele ya mtoto, magoti yakalia.

"Mkono wako hauna shida yoyote," nikamwambia. "Ile mbao ilikuwa imekatwa kwa msumeno kabla hujaipiga. Zote zilikatwa. Nilimwona fundi akizikata. Hata mtoto wa chekechea angeivunja."

Nilidhani atalia. Badala yake mabega yalimshuka, taratibu, kama aliyetuliwa mzigo.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe. Haijawahi kuwa wewe."

Kisha akageuka akamwangalia mama yake kutoka chini kwenda juu, na macho yake yalikuwa yamerudi.

"Mami, wewe ulikuwa unajua?"

"Mwalimu aliniambia, lakini mwanangu, wacha nikueleze—"

"Alikuambia lini?"

Mama alinitazama mimi, nikamtazama yeye. Sikumpa msaada wowote.

"Siku ile," akasema.

"Kabla nipige ama baada?"

"Kabla."

"Na ukapiga makofi."

Mama aliinama kutengeneza kitambaa kilichoshikilia plasta shingoni mwa mtoto, ingawa kilikuwa kimekaa sawasawa. Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Usinishike," akasema.